Mashini ya Kusaga ya Ntoto

Tangu nirudi Kibabi, kila anayepita mbele ya atelye yangu ya kuchomelea anasimama na kuuliza: ilikuwaje? Mmoja nimemsimulia habari ya mto, mwingine habari ya wenye bunduki, na sasa nasikia kule sokoni watu wanasema kwamba mimi Mapendo nilitekwa, nikapigwa, nikatoroka kwa kuogelea. Sikuogelea. Basi nimeandika yote kwa mpangilio, ili muyasome wenyewe na kuniacha nichomelee milango ya watu. Habari za kutafuta karatasi za safari nimeziruka. Hazina ladha.

Kwa ambao hamkujua: wanawake wa Ntoto, kule Walikale, walikuwa wameniagiza mashini ya kusaga mihogo. Ilikuwa mara ya kwanza kwa mtu wa nje ya Masisi kuniagiza kitu. Kiongozi wao, Mama Noela, alinitumia ujumbe wa sauti kwenye simu: "Dada Mapendo, tumeisha kujenga nyumba ya mashini. Tunakungojea wewe tu." Nyumba ilikuwa tayari kabla mashini haijatoka kwangu. Ndiyo maana sikuweza kusema nitakuja msimu mwingine.

Kibabi hadi Masisi

Tuliondoka asubuhi kwa pikipiki mbili. Ya mbele aliendesha Justin, motari mnayemjua, nami nyuma yake nimekumbatia injini ya petroli kama mtoto mgonjwa. Ya pili aliendesha mwenzake, akiwa amebeba sanduku la mbao lenye tumbo la mashini, yaani lile duara la chuma ambamo nyundo zinazunguka kuponda mihogo. Pembeni tulifunga bomba refu la kutolea unga. Ili matope yasiingie katika sanduku, nilikuwa nimelifunika kwa shuka jeupe. Sikuwa na kitambaa kingine.

Mvua ilitukuta tukiwa bado mbali na Masisi. Kwenye mteremko mmoja udongo ulikuwa umeporomoka na kuziba njia, na kupita ilibidi kupanda kwa mguu kwenye shamba la maharage, kisha kushuka upande wa pili. Tulishusha mizigo ili pikipiki zikokotwe tupu. Tulijaribu kuinua sanduku mara mbili, tukashindwa.

Hapo wakatokea watu waliokuwa wakilima juu ya kilima. Walishuka polepole. Wanaume wawili walivua kofia. Hakuna aliyetuuliza kitu. Wanne waliinama, wakalitia sanduku mabegani na kuanza kupanda, na wanawake waliokuwa nyuma wakaanzisha wimbo wa kanisani, ule wa kumsindikiza mtu.

Justin alinisogelea. "Dada, banazani iko maiti. Maiti ya mutoto."

Najua nilipaswa kusema palepale. Lakini sanduku lilikuwa linapanda, matope yalikuwa yanateleza, na nilikuwa na hofu kwamba nikifungua mdomo wataliweka chini. Nikamwambia, "Nyamaza kwanza, tufike." Nilitembea nyuma yao nimeinamisha kichwa, na kila ubeti wa wimbo ulikuwa unanichoma.

Tulipofika upande wa pili, mama mmoja mwembamba alinishika mikono yote miwili.

"Pole, mama. Mutoto alikuwa na myaka ngapi?"

Ningeweza kutaja umri wowote. Nilimtazama usoni nikashindwa.

"Mama, munisamehe. Haiko mutoto. Iko mashini ya kusaga mihogo."

Wimbo ulikatika. Mzee aliyekuwa amebeba mbele alirudisha kofia yake kichwani. "Unatuimbisha wimbo wa maziko juu ya mashini?" aliuliza. Mwingine alilifunua shuka na kuchungulia kati ya mbao, kana kwamba bado ninadanganya. Nilidhani watalisukuma sanduku bondeni. Justin alikuwa ameshaanza kurudi nyuma.

Mama yule mwembamba hakuiachia mikono yangu. Akasema, "Afazali iwe mashini. Wiki hii tumeisha kuzika watu babili." Kisha akageuka kuwaambia wenzake, "Muache aende."

Wakatuacha. Hakuna aliyecheka, hata mimi.

Masisi hadi Kashebere

Tulilala Masisi na kuendelea alfajiri. Njia ya kwenda Nyabiondo ilikuwa mbaya lakini inapitika, na nilianza kujiambia kwamba shida imeisha nyuma yetu. Nilimwambia hata Justin. Aliniomba niache kusema maneno hayo nikiwa juu ya pikipiki yake.

Mbele ya Nyabiondo kuna kijito chenye daraja la magogo. Siku hiyo magogo yalikuwa manne, na mawili kati ya hayo yalikuwa yanacheza. Tulivusha injini kwanza, kisha sanduku kwa kulikokota kwa kamba, inchi kwa inchi. Vitu vikubwa vyote vilivuka. Mwenzake Justin alirudi kuchukua mfuko wa mwisho, mwepesi kuliko yote. Gogo likageuka chini ya mguu wake. Alidaka gogo jingine na kuning'inia, maji yakimfika kiunoni, na mfuko ukaenda.

Tulimvuta. Alikuwa anatetemeka, akisema, "Dada, munisamehe, dada, munisamehe." Nilimwambia mfuko si kitu, mradi yeye mzima. Nilimwambia hivyo kwa kuwa ndiyo kweli, lakini moyoni nilikuwa tayari nahesabu vilivyokuwamo: bolti za akiba, funguo za kukazia, na mkanda wa mpira unaounganisha injini na mashini. Bila mkanda ule injini itanguruma upande wake na nyundo zitalala upande wao. Ni ufunguo mmoja tu uliobaki, kwa sababu ulikuwa katika mfuko wa koti langu.

Kashebere tulifika jua likiwa linaelekea kushuka. Tulipokewa na mama mmoja muuza chumvi, rafiki wa Mama Noela. Alitupa bugali na sombe, majani ya mihogo yaliyopikwa na mawese mengi, na Justin alikula kama mtu aliyenusurika kifo, ingawa si yeye aliyeanguka.

Kashebere, siku mbili bila kusogea

Justin na mwenzake waliishia hapo. Njia ya Ntoto ilikuwa imeliwa na mvua, pikipiki hazipiti; mizigo inakwenda kwa mgongo. Na wabebaji nao hawakutaka kuondoka, kwa sababu kulikuwa na milio ya risasi upande ule, na kila mtu alikuwa na habari yake. Wengine walisema ni wawindaji. Mama muuza chumvi alisema, "Muwindaji hapige nyama mara kumi na tano."

Nilizitumia siku hizo mbili kutafuta mkanda. Niliingia kila kibanda barabarani. Nilipata sabuni, betri, kandambili, samaki wakavu, vitenge. Mfanyabiashara mmoja alinisikiliza kwa makini sana, akaingia ndani, akarudi na mkanda mzuri kabisa wa kufungia suruali. Nilimshukuru.

Mwishowe fundi baiskeli alinipa mipira ya ndani mitatu iliyochakaa. Niliikata vipande virefu, nikaisuka kama nywele, nikaishona viungo kwa uzi wa kushonea viatu. Mama muuza chumvi alishika upande mmoja, mimi wa pili, tukavutana uani mpaka majirani wakatoka kutazama. Ilishika. Sikuwa na hakika itashika mbele ya injini, lakini mikononi ilishika.

Siku ya tatu alikuja Papa Bauma, mbebaji wa miaka kama hamsini, mfupi, mwenye shingo nene, asiyependa maneno. Alileta wenzake watatu. Alizitazama zana zote, akaziinua moja moja kupima uzito, akasema, "Twende sasa, kabla watu wabadilishe mawazo."

Njia ya msituni

Wawili walibeba sanduku kwa mti begani. Mmoja alifunga injini mgongoni, kamba imepita kwenye paji la uso. Papa Bauma alichukua lile bomba la kutolea unga, lenye kitako cha bati nene nilichokichomelea ili lisimame wima. Aliliweka begani na kutangulia. Mimi nilikuwa nyuma na mkanda wangu wa kusuka, nimejizungushia kiunoni.

Mimi nimetengeneza bomba lile kwa mikono yangu. Nimeliona kila siku kwa wiki tatu. Sikuwahi hata mara moja kujiuliza linafanana na nini likiwa begani mwa mwanaume msituni.

Baada ya saa nne za kutembea tulisikia, "Simama! Weka chini!"

Walikuwa saba au nane, wengine na sare, wengine na nusu sare. Walikuwa wamelaza mti katika njia. Bunduki zote zilikuwa zimeelekezwa kwa Papa Bauma. Alipiga magoti polepole na kulilaza bomba kwenye majani.

"Hii munapelekea nani?" aliuliza mkubwa wao. Alikuwa kijana kuliko mimi, macho mekundu kama ya mtu asiyelala.

Nilijibu mimi. "Chef, iko ya ba mama ba Ntoto."

"Ba mama ba Ntoto banafanya nini na mortier?"

Kumbe ndicho walichokiona: bomba la kurushia mabomu.

"Haiko mortier, chef. Iko tube ya kutoa unga. Hii yote ni mashini moja, ya kusaga mihogo."

"Nani alikutuma?"

"Hakuna mutu. Ni mimi mwenyewe nilitengeneza."

Alinitazama kuanzia viatu mpaka kitambaa cha kichwa. "Mwanamuke anatengeneza mashini?" Wenzake walicheka, yeye hakucheka. "Unaficha mutu. Sema jina yake."

Alirudia hivyo mara nyingi. Kila nilipojibu, alikuja karibu zaidi. Mmoja wao alisema tupelekwe juu, kwa wakubwa, na Papa Bauma, ambaye tangu asubuhi hakuwa amesema maneno kumi, akafunga macho. Nikaelewa kwamba yeye anajua huko juu ni wapi, na kwamba hapana kurudi.

Sijui nilitoa wapi sauti. Nilisema, "Chef, muniache niifunge hapa. Mukiona haisagi, mufanye yenye munataka."

Alikaa juu ya injini, akafikiri. Kisha akainuka.

"Funga."

Nilikuwa na ufunguo mmoja tu. Nilianza kwa kuongea, kwa kuwa nikinyamaza nilikuwa nasikia moyo wangu. Nilieleza kila kitu kama ninavyowaeleza wateja: hapa mihogo inaingia, hapa nyundo zinazunguka, hapa chujio, na hapa, kwenye bomba hili, unga unatoka. Papa Bauma alinishikia. Bolti moja iliniponyoka ikaingia katika majani, na kijana mmoja mwenye bunduki alipiga magoti akaitafuta pamoja nami. Aliipata yeye. Alinipa bila kunitazama.

Mashini iliposimama tuliifunga kwenye kisiki kwa kamba. Nilivisha mkanda wa kusuka. Nikavuta kamba ya injini. Kimya. Nikavuta tena. Kimya. Mara ya tano mkubwa wao alitema mate chini. Mara ya saba nikakumbuka kwamba nilifunga petroli tulipoondoka Kashebere, isimwagike mgongoni mwa mbebaji. Nilifungua. Nikavuta.

Ilinguruma. Ndege wakatoka katika miti yote. Mwanamke aliyekuwa akiwapikia pale alileta mahindi makavu katika sahani, akamimina, na unga ukatoka kwenye mdomo wa bomba, mweupe, wa moto. Alikinga mkono wake, akaonja, akasema, "Ni unga."

Bunduki zikashuka. Nilikaa chini.

Walileta mahindi mengine, gunia zima. Nilisaga nusu yake. Nilikuwa tayari nawaza tutafika Ntoto saa ngapi, mkubwa wao aliponiambia kwa sauti ya upole, "Mashini itabaki hapa. Tuko na watu mingi ba kulisha."

Nilimwomba. Nilimwambia habari ya nyumba iliyojengwa, ya wanawake wanaotwanga mpaka viganja vinapasuka. Alisikiliza akitikisa kichwa kwa heshima, kama mtu anayesikiliza hotuba. Jibu lilikuwa lile lile. Na wakati huo huo, mashini ikiwa bado inazunguka, mkanda wangu ulikatika. Ulimpiga mmoja wao mguuni kama fimbo, akapiga kelele.

Nyundo zikasimama. Mkubwa aliuliza, "Nini tena?"

"Mukanda umekatika, chef."

"Tengeneza."

"Huu ulikuwa wa kusuka. Mukanda ya kweli ilienda na muto. Bila ile, haisagi."

Sikudanganya hata neno moja, lakini kamwe sijawahi kusema ukweli kwa hofu namna ile. Alilitazama lile duara la chuma, zito, lisilo na kazi. Wenzake walibishana. Mwishowe alionyesha injini kwa kidole.

"Chuma yako beba. Moteri inabaki."

Papa Bauma alinishika mkono kabla sijajibu. "Mama," alisema polepole, "beba chuma."

Tuliondoka bila kukimbia. Nilitembea saa nzima kabla sijalia.

Ntoto

Wanawake walikuwa wamejipanga njiani na matawi. Walikuwa wamesikia tunakuja. Mama Noela, mwanamke mnene mwenye sauti kubwa kuliko ile ya kwenye simu, alinikumbatia akaninyanyua kutoka ardhini. Waliimba mpaka mbele ya nyumba ya mashini. Ukuta ulikuwa umepakwa chokaa.

Ilibidi niwaambie pale pale. Nilishajifunza kwenye kile kilima. "Ba mama, nimeleta mashini, lakini haina moteri. Waliikamata." Nyimbo ziliisha moja moja, kama taa zinazozimwa. Mama Noela alitazama wapagazi, akanitazama mimi, akauliza, "Na nyinyi wote muko wazima?" Nikasema ndiyo. "Basi tule kwanza."

Tulikula mihogo ya kuchemsha na uyoga wa msituni. Sikuhisi ladha. Niliuliza kama kuna injini yoyote kijijini, hata iliyokufa. Watu walitazamana. Mwanamke mmoja kijana aliyekaa mlangoni akasema, "Iko pikipiki, moto ya bwana yangu."

Aliitwa Sifa. Mume wake alikuwa motari. Aliondoka na abiria kwa miguu, siku njia ilipoharibika, akamwachia pikipiki nyumbani, na hakurudi. Ilikuwa imepita misimu mitatu ya mihogo. Baadhi wanasema amekufa, wengine kwamba wamemwona mbali huko kwenye machimbo. Sifa hasemi kitu. Pikipiki ilikuwa ndani ya chumba chake, karibu na kitanda, imefunikwa kitenge. Tanki lilikuwa linang'aa kuliko vyombo vyake.

Nilimweleza ninachotaka kufanya: kuvua tairi la nyuma, kupitisha mkanda kwenye rimu, gurudumu lizungushe mashini.

"Utakata kitu?"

"Hapana."

"Utachomelea kitu?"

Kwa kweli kuchomelea ndiko kungekuwa rahisi. Umeme wa kuchomelea haukuwapo, lakini sikumpa sababu hiyo. "Hapana," nilisema. "Siku akirudi, unafungula mukanda, anapanda, anaenda."

Aliweka mkono juu ya kiti. "Basi, akuje akute iko nzima," alisema.

Ilinichukua siku nne. Seremala wa pale alitengeneza fremu ya mti mgumu, yenye kushika pikipiki bila kuitoboa. Mkanda tuliupata juu ya paa: kulikuwa na tairi kuukuu la gari lililowekwa kuzuia bati lisipeperuke, nikalikata kwa kisu kwa kuzunguka, ukanda mmoja mrefu. Mara ya kwanza uliteleza. Mara ya pili ulitoka ukaruka nje dirishani, wanawake wakakimbia. Mara ya tatu niliweka kigurudumu cha mti cha kuukaza, na Sifa mwenyewe ndiye aliyepiga kiki, kwa sababu hakutaka mguu wa mwingine. Ikawaka. Niliingiza kipande cha mhogo, kisha viganja viwili, kisha kikapu.

Mama Noela alichukua unga wa kwanza akaenda nao uwanjani kuwaonyesha. Sikutoka. Nilikuwa nimeegemea ukuta wa chokaa, nasikiliza vigelegele, na mgongo wangu wote ulikuwa mweupe.

Nilikaa siku mbili zaidi kuwafundisha. Nilidhani pikipiki itabaki imefungwa pale, kama mashini yoyote. Lakini jioni ya kwanza, kazi ilipokwisha, Sifa alikuja na ufunguo, akatoa mkanda, akarudisha tairi la nyuma, akajaza upepo, akaifuta unga na kuikokota nyumbani. Asubuhi aliirudisha, tairi likavuliwa upya. Ni kazi ya karibu saa nzima, na wanawake wanasubiri na mabeseni yao kichwani. Nilimwambia Mama Noela kwamba naweza kumshauri aiache tu.

Mama Noela alisema, "Usimwambie."

Asubuhi ya kuondoka kwangu nilipita pale kuaga. Tairi lilikuwa limeshika, halitaki kutoka, na wanawake watatu walikuwa wamepiga magoti pamoja na Sifa wakilivuta. Wengine walikuwa wameweka mabeseni chini. Hakuna aliyekuwa anaharakisha.